Safari ya Mfuko Mwepesi

Safari huhesabiwa miongoni mwa walimu wa binadamu. Aliyekaa mahali pamoja huujua ulimwengu kwa kusikia. Aliyetembea huujua kwa macho yake. Lakini kila mafunzo yana ada yake, na swali letu ni nani ailipaye. Je, yafaa mtu kuondoka ghafla, bila mpango na kwa fedha chache, akategemea bahati ya njia?

Wakazi wa Port Reitz, bara ya magharibi ya kisiwa cha Mombasa, wana sababu ya kulifikiri swali hili. Upande mmoja wana hori ya bahari iingiayo bara kutoka Kilindini. Upande wa pili wana uwanja wa ndege, ambao zamani uliitwa kwa jina la mtaa wao kabla ya kupewa jina la Rais Moi. Jina la Port Reitz lenyewe ni la msafiri. Luteni Reitz, wa jeshi la maji la Uingereza, aliachwa Mombasa mwaka 1824 kuusimamia mji. Miezi michache baadaye alisafiri kwenda kuutazama mto Pangani, akashikwa na homa, akafa. Njia haimwahidi mtu kurudi.

Sasa tumtazame kijana wa Helsinki. Aweza kuamka asubuhi bila shauri lolote, akapanda meli, na baada ya saa mbili hivi akawa Tallinn, ng'ambo ya ghuba yenye upana wa kilomita 80 hivi. Akipenda, ataendelea kwa basi hadi Riga na Vilnius, alale chumba kimoja na wasafiri wenzake, ale mkate na samaki. Mpakani hana wa kumwomba ruhusa. Akirudi kwao husema: mimi ni mtu huru, wala uhuru wangu haukuhitaji mali.

Maneno yake yana ukweli nusu. Ni kweli kwamba fedha nyingi humtenga msafiri na watu, maana apandaye gari la peke yake na kulala nyumba ya fahari huona kuta tu. Lakini uhuru anaojivunia hakuununua yeye. Mpaka Estonia ilipopata tena uhuru wake mwaka 1991, mtu wa Tallinn hakuweza kuvuka ghuba ile ile kwa hiari yake; bahari haikuwa pana zaidi, bali sheria ilikuwa nyingine. Na leo kijana wa Port Reitz akitaka kuiona miji hiyo, sharti kwanza aombe viza, aonyeshe atakapolala, aonyeshe hesabu yake ya benki, na awe na bima isiyopungua euro 30,000. Hata awe jasiri namna gani, safari ya ghafla kwenda huko haimo katika uwezo wake. Kinachowatenga vijana hawa wawili ni cheti cha kusafiria, wala si tabia. Asiyelijua hilo hujisifu kwa zawadi aliyopewa na wengine.

Mwaka 1896 Selim bin Abakari alifuatana na Mjerumani Bumiller mpaka Urusi na Siberia. Hakuichagua njia wala hakulipa nauli; alikwenda katika utumishi wa mwingine. Hata hivyo alitazama, akasimulia kwa Kiswahili, na masimulizi yake yakachapishwa mwaka 1901 katika kitabu cha Carl Velten, Safari za Wasuaheli. Hakuwa na uhuru wa kijana wa Helsinki, lakini alichokileta kimedumu zaidi ya karne moja. Kwa hiyo thamani ya safari haipimwi kwa namna ya kuondoka.

Mtu atasema: haraka haraka haina baraka, ni heri kungoja mpaka kila kitu kiwe tayari. Lakini angojaye hivyo huenda asiondoke kamwe, na ujana haungoji. Simlaumu aondokaye ghafla, wala simlaumu mwenye mfuko mwepesi. Msafiri ni maskini ajapokuwa sultani; kila atembeaye huhitaji mlango wa mwingine. Lawama huanza pale mfuko wake unapokuwa mwepesi kwa sababu mzigo ametwishwa mtu mwingine. Wazee waliposema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, hawakumfukuza mgeni. Walionyesha mpaka ambao ukarimu ukiuvuka huwa ni kunyonywa kwa mwenyeji, na jembe lilikuwa njia ya kumwezesha mgeni kukaa bila aibu.

Basi kijana ajiulize kabla ya kufunga mfuko: nikiondoka leo, nani atapungukiwa? Nauli ya basi kwenda Lamu au Kisumu haihitaji viza, na huko nako kuna mengi ya kuona. Ikiwa fedha ni za jasho lake, na mikono yake i tayari kushika jembe la mwenyeji, aende. Ikiwa fedha ni karo ya mdogo wake, hata akienda hatua mia tu atakuwa amesafiri kwa gharama kubwa, na mlipaji amebaki nyumbani.