Abiria Asiyeulizwa

Katika kila chombo huwamo wasafiri wa aina mbili: anayekwenda na anayepelekwa. Anayekwenda ameamua. Amepima umbali, ameaga, na analijua jina la mahali atakapofikia. Anayepelekwa hubebwa na uamuzi wa mwingine. Mtoto wa miezi mitatu hupelekwa. Mgonjwa aliyezirai hupelekwa. Na mbwa aliyepandishwa nyuma ya gari hupelekwa vilevile. Masimulizi ya safari, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine, yametungwa karibu yote na wale wanaokwenda. Ndiyo maana swali la anayepelekwa husahaulika upesi: ana haki gani juu ya yule aliyeamua kwa niaba yake?

Swali hili lina sura yake ya pekee katika Balsall Heath, mtaa wa kusini mwa Birmingham uliounganishwa na jiji hilo mwaka 1891. Ukingoni mwake iko bustani ya Cannon Hill. Katikati yake hupita Moseley Road, penye jengo la mabafu ya kuogelea lililofunguliwa mwaka 1907, na Ladypool Road yenye mikahawa na maduka ya vitambaa. Wakazi wake wana asili za Pakistani, Yemeni, Somalia na kwingineko, na miongoni mwao wamo waliolelewa katika desturi za Mwambao. Katika mtaa wa namna hii mbwa hupitisha mpaka usioonekana. Jirani mmoja humtoa asubuhi na kumfuta matope kwa taulo lake mwenyewe. Mwingine huvuka barabara ili mate yasiguse kanzu aliyoitwaharisha kwa sala. Wote wawili wana adabu, na kila mmoja huweza kuiona adabu ya mwenzake kuwa ni kichaa kidogo. Mpaka huo hustahimilika muda wote kila mtu awapo upande wake. Hutikisika pale gari moja linapowabeba wote.

Yafaa basi kutazama kwanza matayarisho yenyewe, kabla ya kuyatolea hukumu. Mbwa anayetarajiwa kusafirishwa kutoka Birmingham hadi Uskochi, mwendo wa saa nyingi katika barabara kuu, haandaliwi siku ya kuondoka. Wiki kadhaa kabla hupandishwa katika gari lililosimama, injini ikiwa imezimwa, akapewa kitu akipendacho na kushushwa. Siku nyingine injini huwashwa tu. Kisha huzungushwa mtaa mmoja, kisha mitaa mitatu, mpaka mngurumo na mtikisiko viache kuwa tishio. Ikiwa atasafiri katika kizimba, kizimba hicho huwekwa nyumbani mapema, mlango wazi, ndani kikiwa na blanketi lenye harufu aliyoizoea. Siku ya safari hulishwa kidogo, saa chache kabla ya kuondoka, kwa kuwa tumbo lililoshiba huchafuka njiani. Kila baada ya saa mbili hivi gari husimama ili anywe maji, anyooshe miguu na kujisaidia. Haachwi peke yake garini siku ya jua, hata kwa dakika chache, kwa maana joto la ndani ya gari lililofungwa hupanda haraka kuliko la nje na huua.

Sheria nayo imeweka mkono wake. Kanuni ya 57 ya mwongozo wa barabara wa Uingereza yataka mnyama afungwe mkanda au awekwe katika kizimba, asije akamvuruga dereva wala kuumia breki zikikamatwa ghafla. Tangu Aprili 2016 mbwa wa Uingereza hulazimika kuwa na chipu ndogo chini ya ngozi, na sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006 humtwika mwenye mnyama wajibu wa kukidhi mahitaji yake. Akivushwa bahari kwenda Ufaransa, tangu Januari 2021 huhitaji cheti cha afya kilichotolewa na daktari wa mifugo ndani ya siku kumi kabla ya kuingia, pamoja na chanjo ya kichaa cha mbwa iliyopita siku 21.

Orodha hiyo yaweza kusomwa kama mambo ya usalama tu, lakini ina maana nyingine. Binadamu akitaka kumchukua mwenziwe safarini humwambia: twaenda mahali fulani, tutafika jioni, usiogope. Maneno hayo matatu ni haki ya abiria. Mbwa hawezi kupewa hata moja. Hajui kama mngurumo huu utakoma, wala kama mlango utafunguliwa tena. Methali ya Mwambao yasema kwamba mbwa hafi maji akiona ufuko. Kinachomwokoa ni kuona: nguvu za kuogelea humrudia kwa sababu nchi kavu iko mbele ya macho yake. Ndani ya kizimba hakuna ufuko wa kuonekana. Yule anayemzoesha gari kwa wiki tatu anampa ufuko kwa njia nyingine, maana humfundisha mwilini, pasipo maneno, kwamba kila mara mlango huu ulipofungwa ulifunguliwa. Kwa asiyeweza kuombwa idhini, matayarisho ndiyo yanayosimama mahali pa idhini.

Hapa pana pingamizi zito. Yaweza kusemwa kwamba kumzoesha mnyama kizimba ni kumfundisha kukipenda kifungo chake, na kwamba upole wa namna hii ni utawala uliovaa glavu. Pingamizi hili ni la zamani. Katika karne ya 10 Ikhwan al-Safa wa Basra walitunga kisa ambamo wanyama wanamshtaki binadamu mbele ya mfalme wa majini, wakilalamikia mizigo, viboko na madai yake kwamba wao ni watumwa wake. Nguvu ya kisa hicho ni kwamba mnyama amepewa nafasi ya mdai mbele ya hakimu. Mwenye kumtumia analazimika kujieleza. Jibu la haki kwa shtaka hilo ni kukiri nusu yake. Naam, mbwa hakuomba kwenda Uskochi, na utulivu aliofundishwa humfaa bwana wake pia. Lakini mara alipokwisha kufungamanishwa na nyumba ya watu, uhuru kamili haupo tena kati ya yanayoweza kuchaguliwa. Kilichobaki ni kuchagua kati ya kumpeleka akiwa na hofu na kumpeleka bila hofu. Asiyetofautisha hayo mawili kwa madai kwamba yote ni utawala ameirahisisha kazi ya mkatili.

Pingamizi la pili huzaliwa ndani ya nyumba za Waswahili wenyewe. Madhehebu ya Shafi, yaliyoenea Mwambao wote, humhesabu mbwa kuwa najisi, na kilichoguswa na umajimaji wake huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Wahanafi wanayaona mate yake tu kuwa najisi, na Wamaliki humhesabu kuwa twahara akiwa hai. Tofauti hizo ni za fikihi; kosa ni kuzigeuza kuwa kipimo cha thamani ya kiumbe. Najisi ni hukumu juu ya nguo na chombo kabla ya ibada. Haisemi lolote juu ya kama kiumbe ana kiu. Mapokeo yaleyale yaliyoamuru kuosha mara saba yanasimulia pia juu ya mtu aliyeteka maji kisimani kwa kiatu chake akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, naye akasamehewa. Mwanachuoni Ibn al-Marzuban wa Baghdad aliandika kitabu kizima juu ya ubora wa mbwa kuliko wengi wa wavaao nguo. Mtu aweza kunawa mara saba na bado akajaza bakuli.

Wala chuki ya mbwa haikutokana na fikihi peke yake. Katika miji ya Kenya kibao cha mbwa mkali kwenye lango kilitenga nyumba ya mlowezi na mpita njia Mwafrika, na kingali kinatenga nyumba za wenye nacho. Kwa vizazi kadhaa mbwa alikuwa meno ya mtu mwingine. Anayehamia Birmingham akiwa na kumbukumbu hiyo hastahili kuchekwa. Anastahili tu kuombwa amtazame mnyama huyu peke yake, bila yule aliyekuwa ameshika kamba.

Mizani hii hupimwa kila siku katika teksi, kazi inayowalisha wengi katika mtaa huo. Sheria ya usawa ya mwaka 2010 humwajibisha dereva kumpakia kipofu pamoja na mbwa wake wa kumwongoza bila malipo ya ziada. Msamaha hutolewa kwa sababu ya maradhi tu. Shuka ya kutandika sakafuni na maji ya kunawia vikiwa tayari garini, dereva huweza kuitunza twahara yake pasipo kumwacha mtu barabarani. Mwaka 2008 msikiti mmoja wa Leicester ulikubali mbwa wa mwumini kipofu afike mahali alipotengewa wakati bwana wake akisali. Hukumu ya najisi haikufutwa. Palitafutwa nafasi, na nafasi ikapatikana.

Labakia swali chungu kuliko yote. Wamo Balsall Heath watu waliovushwa mipaka utotoni, usiku, bila kuambiwa waendako. Je, haifedhehi kusema juu ya blanketi la mbwa mbele yao? Ingefedhehi kama huruma ingekuwa kibaba kimoja cha unga, akipewa huyu amenyimwa yule. Lakini waliopelekwa ndio wanaojua zaidi ni kitu gani kinachokosekana katika safari isiyoandaliwa: uso unaojulikana, harufu ya nyumbani, kituo cha kunywa maji, dalili kwamba mlango utafunguliwa. Anayejifunza kumpa mbwa hayo, kisha akakutana na mtoto mgeni shuleni au mzee anayehamishiwa nyumba ya kutunzia wazee bila kuulizwa, hana tena udhuru wa kusema hakujua.

Wahenga walisema msafiri ni maskini hata awapo sultani. Umaskini wa anayekwenda hupozwa na tumaini la kufika. Wa anayepelekwa hauna cha kuupoza ila yale aliyofanyiwa kabla gari halijaondoka.