Bei ya Yai na Haki ya Mwenye Kuuza

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Yai ni kitu kidogo, lakini bei yake haimo mkononi mwa mtu mmoja. Mdondo ukiua kuku, mayai huadimika na bei hupanda. Idi ikikaribia, watu wakataka kupika mikate ya mayai, hupanda vile vile. Kuku wakitaga kwa wingi, hushuka. Hayo hayana lawama. Hata zama za misafara, nguo ya merikani iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilizidi thamani kila ilipoingia bara, kwa ujira wa wapagazi na hongo za njiani. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 mizigo ilishuka vichwani, lakini kanuni ya bei haikubadilika.

Bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume (S.A.W.) awawekee bei. Akakataa, akawajulisha kuwa Mwenyezi Mungu ndiye apangaye bei, naye hataki kukutana na Mola wake hali ya kudaiwa na mtu dhulma ya damu wala ya mali.

Lakini asidhani mtu kuwa soko limeachwa bila sharia. Mtume huyo huyo amekataza kuulaki msafara njiani na kununua bidhaa zake kabla haujafika sokoni. Aijuaye njia ya Tabora atalifahamu katazo hili upesi. Mama hutoka kijijini alfajiri na kitunga cha mayai, wala hajui bei ya siku ile. Mchuuzi humngojea njia panda, akamwambia, "Mayai leo hayana mnunuzi," akayatwaa kwa nusu ya thamani. Na huko sokoni, kumbe, yanagombewa. Bei ile haikuletwa na wingi wala uchache. Imeletwa na uwongo.

Huenda mchuuzi akajitetea kuwa mama yule ameridhia mwenyewe. Ridhaa ya asiyejua si ridhaa. Ndiyo maana wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii wamesema kuwa aliyepunjwa hivyo, akifika sokoni akaijua bei, ana khiyari: akitaka huridhia, akitaka huvunja biashara.

Basi atakaye kununua njiani na ataje kwanza bei ya soko kwa kweli, kisha wapatane. Faida itapungua senti chache, na riziki itakuwa ya halali. Mizani ya Kiyama haiachi chembe, seuze yai.

Wallahu aalam.