Mahali Palipoonekana Patupu

Mnamo Desemba 1995, mwanasayansi Robert Williams aliielekeza Hubble, ile darubini iliyo angani, kwenye kipande kidogo cha mbingu kilichoonekana kitupu. Wapo walioona anapoteza muda. Lakini darubini ilitazama pale pale kwa siku 10. Picha ilipotoka, mle gizani mlikuwa na makundi ya nyota yaitwayo galaksi, karibu 3,000! Nuru yao ilikuwapo kitambo, ila ni hafifu. Jicho la haraka haliioni.

Habari hiyo ilinichoma. Mimi mchungaji wenu nilikuwa nimeacha kumwombea ndugu yangu mdogo aliyetekwa na pombe. Niliomba miaka, nikaona giza tu, nikasema moyoni, "Hapa hakuna kitu." Lakini Zaburi 147:4 inafundisha kwamba Mungu huijua kila nyota kwa jina. Je, jina la ndugu yangu limempotea?

Nimerudi magotini. Bado anakunywa, sitawadanganya. Lakini sibanduki.

Na wewe, ni nani uliyeacha kumwombea? Kuanzia leo, mtaje mbele za Bwana siku 10 mfululizo. Amina.