Aliye Chini ya Mto Naye Alipe?

Tuseme nyumba kumi zinatumia kijito kimoja. Nyumba yako iko bondeni, na ya jirani yako iko juu. Kila asubuhi uchafu wa zizi lake hutiririka mpaka pale unapochota maji. Umekwenda kwake mara tatu. Hakatai kosa, ila asema hana fedha za kuchimba shimo. Siku moja wazee wanakuita na kukuambia: "Toa theluthi ya gharama, yeye atoe theluthi, na wengine watamalizia." Je, utatoa?

Wengi wetu tutajibu upesi: la hasha! Yeye ndiye aliyechafua, basi asafishe. Jibu hilo lina haki ndani yake, wala nisingependa tulidharau. Lakini swali hili limewahi kuulizwa baina ya serikali na serikali, juu ya mto mkubwa, na jibu lililotolewa huko yafaa tulifikiri.

Mto wenyewe ni Rhine. Unaanzia katika milima ya Uswisi, unapita kati ya Ufaransa na Ujerumani, kisha unaingia Uholanzi na kumwaga maji yake baharini. Urefu wake ni kama kilometa 1,230. Viwanda vingi vilijengwa kando yake, na kila kimoja kilitupa taka mtoni, hata watu wakauita mfereji wa maji machafu wa Ulaya. Mwaka 1950 Uswisi, Ufaransa, Luxembourg, Ujerumani Magharibi na Uholanzi waliunda Tume ya kuulinda mto huo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ndogo kwa kutazama, yaani kukubaliana namna moja ya kupima maji. Maana kila nchi ilipopima kwa kipimo chake, kila moja ilijiona safi.

Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya chumvi. Huko Alsace, upande wa Ufaransa, migodi ya potasi ilitoa chumvi nyingi isiyo na kazi, nayo ikatupwa mtoni. Waholanzi walikuwa wakinywa maji ya mto huo na kumwagilia bustani zao kwa maji hayo hayo. Mwaka 1976 nchi hizo zilitia sahihi mkataba mjini Bonn wa kupunguza chumvi hiyo, na gharama ziligawanywa hivi: Ufaransa asilimia 30, Ujerumani asilimia 30, Uswisi asilimia 6, na Uholanzi asilimia 34. Tazama jambo hilo. Aliyekuwa chini kabisa, aliyeumizwa zaidi, ndiye aliyebeba fungu kubwa kuliko wote!

Je, ilikuwa haki? Mtu aweza kusema kwamba hayo ni kumpa mkosaji zawadi. Ukimlipa jirani ili aache kukuchafulia maji, umemfundisha kwamba ukaidi una faida, na kesho jirani wa pili atafungulia zizi lake makusudi. Hoja hiyo ni nzito. Tena mambo yaliyofuata yaliipa nguvu, kwa maana kulipa hakukuleta amani mara moja. Wenyeji wa Alsace walikataa chumvi isifukiwe chini ya ardhi yao, wakiogopa kwamba ingeharibu maji ya visima. Bunge la Ufaransa likasita kuuthibitisha mkataba, na mwaka 1979 Uholanzi ikamwita balozi wake arudi nyumbani. Mkataba haukuanza kazi mpaka mwaka 1985.

Hata hivyo nadhani Waholanzi hawakukosea kukubali kulipa, na sababu zangu ni tatu.

Kwanza, hatia na kazi ni vitu viwili. Kuuliza nani amekosa ni swali la haki, nalo lazima lijibiwe. Lakini mtoto anayekunywa maji leo hawezi kungoja mpaka wakubwa wamalize kuhukumiana. Waholanzi hawakuchanganya mambo hayo mawili. Katika miaka ile ile serikali yao ilipokubali kuchangia, wakulima wao wa bustani waliishtaki migodi mahakamani. Mwaka 1976 Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba aliyedhurika aweza kufungua kesi pale madhara yalipompata, si lazima aende nchi ya mkosaji. Kesi yenyewe ilichukua zaidi ya miaka 10. Basi mkono mmoja ulitoa fedha, na mkono wa pili ukashika madai ya haki. Anayechangia kazi hajasema kwamba kosa halikuwako.

Pili, aliye chini si msafi kama anavyojidhania. Potasi iliyochimbwa ilikuwa mbolea ya mashamba, na bandari ya Rotterdam ilitajirika kwa biashara ya mto huo huo. Tena aliye chini yako naye yupo, kwa kuwa maji yaliyopita Uholanzi yaliingia Bahari ya Kaskazini, na uchafu wa Waholanzi wenyewe ulikwenda nayo. Ni vigumu kumpata mtu ambaye hana wa chini yake.

Tatu, aliyelipa hupata kiti penye shauri. Anayelalamika kutoka mbali husikilizwa akipendwa. Anayechangia ana haki ya kuuliza kazi imefika wapi na kupima kwa macho yake.

Lakini yako masharti. Mchango uwe wa kazi maalumu, wenye kipimo na muda, na ukaguzi uwe wa wote. Tena asidaiwe maskini sawa na tajiri. Uholanzi ilikuwa na uwezo. Mwenye bonde asiye na kitu hatupaswi kumwambia anunue maji yake mwenyewe.

Usiku wa tarehe 1 Novemba 1986 ghala la kemikali la kampuni ya Sandoz liliwaka moto karibu na Basel, Uswisi. Maji ya kuzimia moto yalichukua tani nyingi za sumu za kuulia wadudu mpaka mtoni. Mto ukawa mwekundu, na samaki aina ya mkunga wakafa kwa makumi ya maelfu. Maji yakimwagika hayazoleki. Walakini Tume ilikuwako, watu walijuana, na kipimo kilikuwa kimoja. Mwaka uliofuata mawaziri walikubaliana kupunguza sumu nyingi kwa nusu kufikia mwaka 1995, na kuhakikisha kwamba samaki aitwaye samoni anarudi kufikia mwaka 2000.

Alama hiyo ilichaguliwa vizuri. Samoni huzaliwa juu mtoni, hukua baharini, kisha hurudi juu kuzaa. Nchi moja ikichafua au kuziba njia, samaki huyo hafiki, hata kama nyingine zote zimetimiza wajibu wao. Miaka ya 1990 samoni walianza kuonekana tena. Migodi ya Alsace ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kazi haijaisha, maana mabwawa ya umeme bado yanazuia safari ya samaki kuelekea Basel, lakini mto uliodhaniwa umekufa uko hai.

Nasi tunayo mito isiyojua mpaka. Mara huanzia Kenya na kuingia Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Maji ya Kagera yanatoka Burundi na Rwanda, yakapita Tanzania na Uganda. Serikali zina wajibu wao, nao hatuwezi kuwatulia mabegani wananchi. Lakini serikali hujifunza adabu kwa watu wake. Kijiji ambacho hakiwezi kupatana juu ya zizi moja kitawezaje kuzidai nchi mbili zipatane?

Basi turudi kwa wazee wale wanaongoja jibu lako. Nadhani yafaa useme hivi: "Nitatoa theluthi yangu, na shimo lianze kuchimbwa wiki hii. Lakini iandikwe kwamba kosa si langu, na nitakuja kulitazama shimo hilo kila mwezi." Kisha, ukirudi nyumbani, zunguka nyuma ya nyumba yako, utazame maji yako wewe yanakwenda kwa nani.