Shehena Ishukie Wapi?

Mapema Agosti 2019, Mamlaka ya Bandari na Mamlaka ya Ushuru za Kenya zilitoa tangazo fupi. Makontena yote yanayoingia Mombasa na kuelekea Nairobi na bara yapakiwe kwenye treni ya reli ya kisasa, SGR, na yagombolewe kwenye bandari kavu huko huko bara. Tangazo lilisomeka kama agizo lolote la serikali, lenye lugha ya ofisi na tarehe ya kuanza. Ndani yake, hata hivyo, mlikuwa na swali la kale ambalo wanazuoni, manabii na wafalme walikwisha kulumbana juu yake: mtawala anaposema jambo fulani lina faida kwa umma, nani ana haki ya kumuuliza ni umma upi?

Mombasa ni mji unaokula kwa shehena. Kontena likishuka gatini, linapita mikononi mwa kuli, wakala wa forodha, mwenye yadi ya makontena, dereva wa lori na taniboi wake, fundi wa gereji ya Changamwe, muuza magurudumu wa Jomvu, na mama anayepika wali na maharagwe kando ya barabara ya Miritini. Likitoka mjini linaendelea kulisha watu: Mariakani, Maungu, Voi, Mtito Andei, miji iliyokua kwa sababu madereva walihitaji kulala, kula na kujaza mafuta. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwa karne nyingi mgeni mkuu wa Mombasa amekuwa mzigo. Tangazo lile lilimaanisha kwamba mgeni angeshuka melini, apitishwe juu ya vichwa vya wenyeji, akafunguliwe mamia ya kilomita mbele. Wiki zilizofuata, Jumatatu baada ya Jumatatu, watu walijaa barabarani kuandamana.

Haifai kuwadharau waliolitunga agizo. Hoja zao zilikuwa na uzito. Barabara ya Mombasa kwenda Nairobi imeua watu wengi, na malori mazito huichimba kila mwaka. Treni moja hubeba mzigo wa malori mengi mno kwa mafuta machache zaidi. Bandari iliyobanwa na mji katika kisiwa haiwezi kupanuka bila kikomo. Lazima mahali fulani pawe na uwanja mpana ambapo meli, reli na barabara hukutana, mzigo ukahama kutoka chombo kimoja hadi kingine bila kukwama. Nchi nyingi zenye bandari kubwa hujenga viwanja hivyo na kuvitungia sera, na mpangaji anayefikiria miaka 30 mbele anafanya kazi ya heshima.

Lakini agizo la 2019 halikuzaliwa na usalama wa barabara peke yake. Reli ya Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa mwishoni mwa Mei 2017, iligharimu shilingi bilioni 327, na takriban asilimia 90 ya fedha hizo zilikopwa kutoka Benki ya Exim ya China. Ili mkopo ulipike, mwaka 2014 Mamlaka ya Bandari iliingia mkataba na Shirika la Reli na kuahidi kiasi maalumu cha mizigo kila mwaka. Kiasi hicho kisipofika, bandari ingefidia pengo. Tangu 2013 palikuwa pia na tozo ya reli ya asilimia 1.5 juu ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa nchini, kwa hiyo hata mnunuzi wa kilo ya mchele Kakamega, ambaye huenda hataiona treni hiyo maishani, alikuwa akiichangia. Mikataba yenyewe ilifichwa kwa miaka. Sehemu yake ilitolewa hadharani Novemba 2022 na Waziri wa Uchukuzi Kipchumba Murkomen, na Wakenya wakasoma kifungu cha usiri pamoja na kile kinachopeleka migogoro ya mkopo kuamuliwa Beijing.

Kwa hiyo shehena ilikuwa imekwisha kuahidiwa. Miaka 5 kabla ya mwenye lori wa Changamwe kusikia lolote, mzigo aliotarajia kubeba ulikuwa rehani.

Hapa ndipo elimu ya kale ya pwani inapofaa kusikilizwa. Katika madrasa za Lamu na Mombasa, wanafunzi wa fikihi hujifunza maslaha, yaani manufaa ambayo sheria inakusudia kuyalinda. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliyataja makusudio hayo kuwa matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Wanasiasa hulipenda fundisho hili kwa sababu linaonekana kumpa mtawala kibali kikubwa. Wachache huendelea kusoma mpaka kwenye masharti. Katika kitabu chake cha al-Mustasfa, al-Ghazali alitaka manufaa yanayodaiwa bila andiko maalumu yawe ya lazima, yawe ya hakika, na yawahusu wote. Kisha akaleta mfano wa jahazi linalozama: abiria wakimtupa mmoja wao baharini, wengine watapona, wasipomtupa, watazama wote. Jibu lake ni kwamba haijuzu, hata kwa kupiga kura. Waliomo chomboni ni watu wengi, lakini hawawi umma wote kwa sababu tu wamemzidi mmoja kwa idadi.

Ni kweli kwamba al-Ghazali alizungumzia roho, na hapa mzozo ni wa riziki. Mali huweza kufidiwa na ajira huweza kupatikana upya. Hakuna faqihi atakayezuia barabara kwa sababu kibanda kimoja kitahamishwa. Hata hivyo masharti yale matatu yanabaki kuwa mizani nzuri. Je, ilikuwa lazima mizigo yote ipande treni, au ilitosha kuifanya treni iwe na bei nzuri kiasi cha kuwavuta wenye mizigo kwa hiari? Je, faida ilikuwa ya hakika, au ilikuwa matarajio yaliyoandikwa na wenye haja ya kukopa? Na je, ilikuwa ya wote, pamoja na aliyeko Jomvu?

Historia ya Kiislamu ina ushahidi wa pande zote mbili, tena kutoka kwa mtawala mmoja. Umar bin al-Khattab alipoupanua msikiti wa Makka, mwaka wa 17 Hijria, nyumba zilikuwa zimeibana Kaaba. Waliokubali kuuza walilipwa. Waliokataa walibomolewa nyumba zao, na thamani yake ikawekwa katika hazina ya Kaaba mpaka walipoichukua. Hoja ya Umar ilikuwa kwamba wao ndio walioikuta Kaaba na kujenga katika uwanja wake. Lakini Madina mambo yalikwenda vingine. Nyumba ya al-Abbas, ami yake Mtume, ilipakana na msikiti uliohitaji kupanuliwa. Umar akamtaka aiuze, au aitoe sadaka, au akubali nyumba mahali pengine. Al-Abbas akakataa yote. Kwa mujibu wa masimulizi yaliyopokewa na Ibn Sa'd, wawili hao walikwenda kwa Ubayy bin Ka'b awaamue, naye akatoa hukumu dhidi ya khalifa. Baada ya kushinda, al-Abbas akaitoa nyumba ile kwa hiari bila malipo.

Msomaji wa haraka ataona Umar wawili wanaopingana. Akitulia ataona kwamba katika kisa cha Madina mtawala mwenye jeshi na hazina, na mwenye haja njema kabisa ya kupanua msikiti, alikubali kukaa mbele ya mwamuzi sawa na raia mwenye nyumba. Msikiti ulipanuliwa mwishowe. Kilichoamuliwa na Ubayy ni kwamba uzuri wa kusudi haumfanyi mwenye kusudi awe hakimu wa shauri lake mwenyewe.

Wakristo wa bara wanalo somo lao katika shamba la mizabibu la Nabothi, Wafalme wa Kwanza sura ya 21. Mara nyingi Mfalme Ahabu, aliyelitaka shamba hilo, huhubiriwa kama mnyang'anyi tu, na jambo moja hupita bila kutazamwa: alianza kwa ofa ambayo sheria nyingi za leo zingeiita ya haki. Aliahidi shamba bora zaidi, au fedha taslimu. Nabothi alikataa kwa sababu ardhi ile ilikuwa urithi wa baba zake, na urithi hauna bei ya soko. Yezebeli mkewe alipoingilia kati, hakutuma askari. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akazipiga muhuri, akaagiza kikao cha wazee na mashahidi. Damu ilimwagwa kwa utaratibu uliokamilika kwenye karatasi. Mtu aliyewahi kuhudhuria baraza la kuidhinisha mradi uliokwisha kutiwa saini anaelewa kwa nini kisa hicho hakijazeeka.

Lakini fundisho linalogusa mzozo wa reli kwa karibu zaidi linahusu misafara. Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume alikataza wafanyabiashara wa mjini kutoka nje kuilaki misafara ya bidhaa kabla haijafika sokoni. Mwenye ngamia aliyetoka mbali hakujua bei ya siku hiyo. Aliyemlaki njiani alijua. Katazo linamlinda mgeni asiuze gizani, na wanazuoni wengi wameona kwamba linawalinda pia watu wa sokoni, ambao bidhaa ingewapita. Aliyeuza kabla ya kufika anapewa hiari: akiingia sokoni na kuona bei halisi, anaweza kuuvunja mkataba.

Mkataba wa mizigo wa 2014 uliilaki shehena baharini, kabla hata haijapakiwa melini Shanghai au Mumbai. Soko la Mombasa halikuwa na habari. Hakuna lililo haramu katika reli, wala katika bandari kavu. Dhuluma iliingia pale wachache walipoijua bei na wengi wakafichwa.

Mahakama Kuu ya Mombasa ilifika karibu na hapo kwa njia ya Katiba. Maandamano yalipozidi, Oktoba 2019, Waziri wa Uchukuzi James Macharia alitangaza kulisimamisha agizo. Mwaka uliofuata, kwa sababu ya korona, shehena ya kwenda Uganda na nchi jirani ikaelekezwa Naivasha kwa treni. Kisha Novemba 2020 majaji watatu waliamua kwamba maagizo ya 2019 yalikiuka Katiba, kwa kuwa umma haukushirikishwa na kaunti haikuulizwa. Hawakuyafuta papo hapo. Walisimamisha makali ya hukumu kwa siku 180 ili serikali ikazungumze na watu kwanza. Majaji hawakusema reli ni mbaya; walisema soko lina haki ya kujua bei.

Mji huo huo ulikuwa umesikia shauri la namna hiyo zamani, likaisha vibaya. Reli ya kwanza ya Waingereza, iliyofika Ziwa Viktoria mwaka 1901, ilifuatwa na walowezi, na kwa mkataba wa 1904 Wamaasai waliondolewa eneo la Naivasha na sehemu nyingine za Bonde la Ufa kuwapisha kwenye ardhi iliyopakana na reli. Kwa mkataba wa 1911 walihamishwa tena, kutoka Laikipia. Wakiongozwa na Ole Njogo walikwenda mahakamani, na mwaka 1913 mahakama iliyokaa Mombasa ikawajibu kwamba mikataba yao ni mambo baina ya mataifa na haina mamlaka ya kuyachunguza. Kati ya jibu hilo na hukumu ya 2020 imepita miaka 107, na ni umbali unaostahili kuthaminiwa na yeyote anayedhani Katiba ni karatasi tu.

Ndiyo maana kilichotokea Septemba 2022 kinahitaji kutazamwa bila ushabiki. Siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto alitangaza kwamba ugomboaji wa mizigo unarejeshwa Mombasa. Pwani ikashangilia, na ilikuwa na sababu: watu waliokuwa wamefunga yadi zao waliona mlango ukifunguka. Lakini uamuzi ulishuka kama ule wa kwanza ulivyoshuka, kwa kauli kutoka juu. Mai Mahiu nako kulikuwa na watu. Bandari kavu ya Naivasha, iliyo eneo hilo, ilikuwa imezinduliwa Desemba 2019. Wapo waliokopa kujenga vyumba vya kulala wageni, waliofungua maduka, waliouza mifugo wanunue kiwanja, kwa sababu serikali iliwaambia shehena inakuja. Hawakuulizwa ilipoletwa, wala ilipoondolewa. Anayedai kwamba Mombasa ilidhulumiwa mwaka 2019 hana budi kukubali kwamba Mai Mahiu nayo ilistahili kusikilizwa mwaka 2022, hata kama mwisho wa mazungumzo mzigo ungebaki pwani.

Swali linaendelea kusafiri. Julai 2025 Tanzania ilizindua bandari kavu ya Kwala mkoani Pwani pamoja na treni za mizigo za SGR, ili kuipunguzia mzigo bandari ya Dar es Salaam, na nchi jirani zimetengewa maeneo humo. Kenya nayo inataka kuipeleka reli yake kutoka Naivasha hadi Kisumu na Malaba. Mawakala wa Kurasini, madereva wanaolala Chalinze, wakulima walio kwenye njia ya kwenda ziwani: wote hawa wana riziki ndani ya michoro hiyo. Wanapaswa kuonyeshwa mikataba, pamoja na kiasi cha mizigo kilichoahidiwa na jina la aliyeahidiwa, wakati saini bado hazijatiwa na mtu anayesema hapana bado anaweza kubadilisha kitu.