Mgeni ale nini?

Wankambo wetu walitufundisha ya kama mgeni anakula kile anapewa. Sisi wenye kusoma tumeongeza jambo lingine: tukifika mahali, tunaomba sisi wenyewe "chakula cha asili". Tuliomba vile kule Idjwi, wakati wa likizo, na tulimuhuzunisha mama mmoja. Tangu ile siku tunajiuliza kama tulikuwa na haki.

Tulitoka Bukavu na mashua, watu wanne, wote walimu. Kila mtu wa Kivu anajua Idjwi, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya ziwa letu, kwao Bahavu na Bambuti. Kwenye kushuka tu tulianza kula. Pale kando ya maji mama wanauza sambaza za kukaanga, zenye chumvi na pilipili, wanakufungia katika karatasi. Kuna mahindi ya kuchoma, mandazi, na nanasi wanakukatia palepale. Tulikula tukisimama, vidole vimejaa mafuta, na hakuna mtu aliyesema neno juu ya desturi.

Maneno yalianza jioni, katika jamaa iliyotupokea. Mezani tulikuta wali, kuku na soda. Mwenzetu mmoja akasema kwa furaha: "Mama, sisi tulikuja kula kama nyinyi. Bugali, sombe, sambaza. Chakula cha asili!" Mama akanyamaza kidogo. Kisha akajibu: "Ile tunakulaka kila siku, mwalimu. Munataka batu baseme nilipokea bageni na sambaza?"

Tulikula wali wetu kimya.

Usiku tulibishana. Na kwanza, asili ni nini? Zamani sambaza haikuwa katika Ziwa Kivu. Ililetwa kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960, mwishoni mwa utawala wa Wabelgiji. Mzee aliyezaliwa mbele ya ile miaka alikuwa mtoto kando ya ziwa lisilo na sambaza. Muhogo, mahindi na maharagi vilitoka Amerika, hata kama leo tunaapa ya kama ni vya babu zetu. Kama tunatafuta kitu cha zamani kweli katika ile nyumba, tutakikuta wapi? Sisi tunaona ni katika namna ya kutoa: mwenye nyumba anampa mgeni kile ambacho yeye mwenyewe hali kila siku. Basi ule wali wa kununua sokoni na yule kuku ndio walikuwa desturi. Tulipovikataa kwa jina la desturi, tulikuwa tunamwambia mama abaki vile sisi tunapenda kumuona.

Mmoja wetu hakukubali, na mpaka leo hakubali. Anasema: heshima yenye kumwacha mtu bila kuku ni mzigo, na mgeni mwenye upendo anaomba kidogo. Tena aliona watoto jikoni wakingoja tumalize. Ni kweli, tuliwaona sisi wote. Lakini kusema "tupe kidogo, mama" ni jambo moja, na kusema "tupe asili yako" ni jambo lingine. Neno la kwanza linamtazama mama. La pili linatazama sahani.

Na ile haya juu ya sambaza, aliifundishwa na nani? Tuseme ukweli. Hapa Bukavu, mgeni mkubwa akitangaza kufika kwetu, je, tunamwekea sombe? Tunatuma mtoto mbio kutafuta muchele na soda, hata kwa deni. Halafu tunavuka maji kwenda kumuomba mama wa Idjwi atupe kile sisi tunaficha.

Tulibaki kule siku tano. Siku ya tatu mvua ilitukamata, na tulimsaidia mama kuondoa mihogo yake iliyokuwa inaanikwa inje. Jioni hakutandika meza. Alituita jikoni, tukakuta bugali moja kubwa, sambaza zenye kupikwa na nyanya, na watoto wamekwisha kukaa. Tulitazama kama mtu atatuletea maji ya kunawa. Mama akacheka, akaonyesha ndoo: "Mujichotee. Leo hamuko tena bageni."

Yule mwenzetu wa "asili" ndiye alikwenda kuchota.