Amana ya Kusoma

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza asiyeweza kusoma humweka mwalimu wa sekondari mbele ya swali la maadili: je, mtu huwajibika kwa kazi ambayo hakufundishwa kuifanya? Katika shule za Tanzania, tatizo hilo lina sura mbili. Wapo wanaobabaika hata katika Kiswahili. Wapo wanaokisoma vizuri, kisha hukwama Kiingereza kinapokuwa lugha ya kufundishia.

Mwalimu wa sekondari huandaliwa kufundisha masomo, kama Historia na Jiografia. KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ni kazi ya madarasa ya mwanzo. Akikutana na kijana anayeunganisha silabi kwa taabu, hukosa kujiamini na hulikwepa tatizo: husoma yeye, huandika ubaoni, darasa linanakili. Kijana hubaki na daftari lililojaa maneno asiyoweza kuyasoma.

Hoja ya kwanza ya kumwondolea mwalimu lawama ni kwamba hapana wajibu pasipo uwezo. Ina haki, kwani kumlaumu mtu kwa asichofunzwa ni dhuluma. Lakini uwezo hauishii chuoni. Katika kampeni ya kisomo iliyoendeshwa Tanzania miaka ya 1970, miongoni mwa waliofundisha watu wazima walikuwemo watu wa kujitolea waliomaliza shule ya msingi tu. Walipewa vitabu vya kuanzia, mafunzo mafupi na saa maalumu. Kujiamini kulikuja kwa kutenda.

Hoja ya pili ni aibu. Madrasa inaonyesha njia nyingine: aliye kwenye herufi ya alifu na aliyefika juzuu ya Qur'ani huketi mkeka mmoja, kila mmoja akianzia alipofikia. Sekondari hupanga watu kwa kidato, hivyo kurudi kwenye silabi huonekana kuwashusha hadhi mwalimu na mwanafunzi. Aibu hiyo imezaliwa na mpangilio, haikuzaliwa na herufi.

Jibu linapatikana katika dhana ya amana. Mwenye kupokea amana haulizwi jinsi ilivyoharibika kabla ya kumfikia. Huulizwa aliitendeaje ilipokuwa mikononi mwake. Kwa hiyo mwalimu ana wajibu wa kuanza: kumsikiliza mwanafunzi akisoma, kujua anakwama wapi, kumfundisha kuanzia hapo. Waliomkabidhi mwanafunzi huyo nao wana deni lao: mafunzo kazini, nafasi katika ratiba, na vitabu vyepesi visivyomdhalilisha kijana. Deni hilo lisipolipwa, wa kulaumiwa si mwalimu peke yake.